Jaribu Mpakani: Nani Hukipima Kipimo?

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, akiisha kupita Mkuranga na Kimanzichana, hufika mahali paitwapo Jaribu Mpakani. Hapo huingia katika eneo la Kibiti. Mbele yake ipo Bungu, kisha mji wa Kibiti wenyewe, na upande wa mashariki ipo Nyamisati, lango la mikoko ya delta ya Rufiji na njia ya kwendea Mafia. Wengi wetu tumepita hapo mara nyingi bila ya kulitafakari jina hilo, wala halikutungwa kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta. Hata hivyo, mtu akitafuta shauri moja fupi la kumpa kijana anayejifunza kazi hiyo, si rahisi kupata lililo bora kuliko hilo: jaribu mpakani.

Makala haya yanaeleza kazi moja isiyoonekana machoni pa watu, nayo ni kuyahakiki majaribio yanayoambatana na kiraka cha dibaga. Msomaji asitishwe na maneno hayo, kwani kila moja litaelezwa kwa zamu yake. Swali letu kuu ni jepesi kulitamka, ingawa si jepesi kulijibu: tukisha kupata kipimo, tutajuaje kuwa kipimo chenyewe kinasema kweli?

MIZANI ILIYOKWAMA

Swali hilo si geni kwa wakulima wa korosho wa Kibiti. Mkulima afikishapo magunia yake ghalani, haki yake yote hutegemea mizani. Mizani ikipunja kilo moja katika kila gunia, jasho la msimu mzima huvuja kidogo kidogo pasipo kelele. Kwa sababu hiyo wapo maofisa wa Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao si kupima korosho bali kuipima mizani. Ofisa huja na mawe ya mizani ambayo uzito wake unajulikana, huyaweka, kisha hutazama mshale unasema nini.

Sasa na tufikiri kidogo. Tuseme ofisa analo jiwe moja tu, la kilo 20. Analiweka juu ya mizani, mshale unaonyesha 20, naye anaridhika na kupiga muhuri. Je, amefanya kazi yake? Yamkini hakuifanya. Huenda mshale umeliwa na kutu na kukwama penye 20 tangu juma lililopita. Mizani ya namna hiyo ingeonyesha 20 kwa jiwe, kwa jogoo, na hata kwa hewa tupu. Ofisa mwenye busara huutazama mshale kabla ya kuweka kitu chochote, auone umesimama penye sifuri. Kisha huweka jiwe dogo, kisha kubwa, mpaka afikie karibu na mwisho wa uwezo wa mizani. Anatafuta jibu ambalo lingekuwa tofauti kama mizani ingekuwa mbovu.

Hiyo ndiyo nguzo ya maelezo yote yatakayofuata. Kipimo huaminiwa pale tu kilipokwisha kuonekana kuwa kinaweza kusema hapana.

DAFTARI LA KAYA ZA RUFIJI

Kabla ya kuingia katika ufundi wenyewe, inafaa tuone kwa nini jambo hili lawahusu watu wa Kibiti na Rufiji, na si wataalamu wa miji mikubwa peke yao.

Mwaka 1998 ulianzishwa Rufiji mpango wa kuandikisha watu na kufuatilia maisha yao. Ulikuwa sehemu ya mradi wa afya uliojulikana kama TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na shirika la utafiti wa maendeleo la Canada, IDRC. Kituo cha kazi kilikuwa Ikwiriri. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Waandikishaji walikuwa wakipita kila kaya mara moja katika miezi minne, wakaandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Habari hizo ziliingizwa katika kompyuta kwa programu ya uandikishaji wa kaya iliyotumiwa kwanza Navrongo, kaskazini mwa Ghana.

Programu ya aina hiyo haikubali kila inaloambiwa. Hufuata kanuni: mtu aliyekwisha kuandikwa kuwa amefariki hawezi kuandikwa baadaye kuwa amehama, mtu mmoja hawezi kuwa mkazi wa kaya mbili kwa wakati mmoja, mtoto hawezi kuzaliwa kabla ya mama yake. Kila kanuni ni mlinzi mlangoni.

Takwimu zilizopatikana hazikubaki kabatini. Zilitumiwa kukadiria mzigo wa kila ugonjwa, na wakuu wa afya wa wilaya wakaulinganisha mzigo huo na mafungu ya fedha. Ilidhihirika, mathalani, kwamba malaria ilikuwa ikipewa sehemu ndogo ya fedha kuliko uzito wake ulivyostahili. Mafungu yalibadilishwa. Kwa mujibu wa takwimu za mradi huo, katika muda wa takribani miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya za Rufiji na Morogoro vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Basi hesabu ya kaya yaweza kuwa dawa katika zahanati, au ukosefu wake. Ikiwa programu inayohesabu ina kosa, fedha zitakwenda pasipostahili, na hakuna atakayejua sababu. Hapana budi mtu alitafute kosa hilo, naye hulitafuta kwa chombo kiitwacho dibaga.

DIBAGA NI NINI?

Mafundi wa Marekani walikuwa wakiliita kosa la mtambo mdudu tangu zama za Thomas Edison, katika miaka ya 1870. Tarehe 9 Septemba 1947, waliokuwa wakiiendesha kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo halisi amenaswa ndani ya swichi ya umeme. Walimbandika katika daftari lao la kazi, na mzaha huo umesimuliwa mpaka leo. Dibaga, basi, ni programu ya kuwasaka wadudu waliomo katika programu nyingine.

Haja yake ilijitokeza mapema. Kompyuta ya EDSAC ilianza kufanya kazi Cambridge, Uingereza, mwezi Mei 1949, na haukupita muda mrefu kabla ya waliokuwa wakiitumia kugundua kwamba kuandika programu isiyo na kosa ni kugumu kuliko walivyodhani. Mwaka 1951 Stanley Gill, mmoja wa wataalamu wa mashine hiyo, alichapisha maelezo ya jinsi ya kuifanya mashine ichapishe hatua zake yenyewe, ili mwandishi wa programu aone ni wapi ilipopotea njia. Miongoni mwa dibaga zitumikazo sana siku hizi ni GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, ambayo matini yake yako wazi kwa mtu yeyote kuyasoma na kuyarekebisha.

Dibaga hufanya kazi gani hasa? Programu ikiendeshwa hutekeleza mamilioni ya amri katika sekunde moja, wala jicho la binadamu haliwezi kuifuata. Dibaga humruhusu mtu kuisimamisha mahali atakapo na kuichungulia. Mtu husema: simama ufikapo mstari wa 14. Kisha huuliza: kigeu hiki kina thamani gani sasa? Aridhikapo, huiruhusu programu iendelee.

Namna ya kuisimamisha ni ya werevu mkubwa. Amri za programu hukaa katika kumbukumbu ya mashine kama nambari zilizopangwa katika vijisehemu viitwavyo baiti. Dibaga huiondoa baiti moja ya amri iliyopo mahali pale na kuiweka kando, kisha huweka mahali pake baiti ya mtego. Katika vichakataji vya ukoo wa Intel vinavyotumika katika kompyuta nyingi za mezani, baiti hiyo ni nambari 204. Programu ikikanyaga mtego, kichakataji husimama na kuiarifu dibaga. Mtu akisha kuangalia alichotaka, dibaga huirudisha baiti ya asili, huiacha programu ipige hatua moja, huutega mtego upya, kisha huiruhusu programu iendelee. Mahali pa mtego tutapaita kituo.

Msomaji ataona kuwa dibaga ni mfano wa mizani ya ghalani: ni chombo cha kuaminiwa. Mwandishi wa programu akiambiwa na dibaga kwamba yuko penye kaya ya nne, ilhali kwa hakika yuko penye ya tano, atailaumu kaya isiyo na hatia, na kosa ataliacha palepale.

KIRAKA NA JARIBIO LAKE

Dibaga nayo ni programu, kwa hiyo nayo ina wadudu wake. Anayemgundua mmoja wao haandiki dibaga upya. Hutengeneza sehemu ndogo ya kuziba penye tundu, kama fundi cherehani azibavyo kanzu, nayo huitwa kiraka. Kiraka hupelekwa kwa watunzaji wa programu, wakisome hadharani kabla ya kukikubali.

Kiraka kizuri hakiji peke yake. Huambatana na jaribio, yaani programu nyingine ndogo ambayo kazi yake ni kuonyesha kuwa kosa lilikuwapo na sasa limeondoka. Jaribio hilo hubakia daima, liendeshwe kila dibaga ibadilishwapo, ili kosa lile lisirudi kwa mlango wa nyuma. Majaribio ya GDB huendeshwa kwa mfumo uitwao DejaGnu, ambao hufanya kama mtu aliyeketi mbele ya mashine: huandika amri, husubiri jibu, kisha hulilinganisha jibu na lile lililotarajiwa. Likiafikiana, huandika kuwa jaribio limefaulu. Lisipoafikiana, huandika kuwa limeshindwa.

Anayesoma kiraka na jaribio lake huitwa mhakiki. Aghalabu mhakiki mchanga hukisoma kiraka kwa makini, halafu jaribio hulipitia upesi upesi, kwa kuwa limekwisha kuandikiwa kuwa limefaulu. Hapo ndipo kosa la mhakiki lilipo. Mfano ufuatao utaonyesha kwa nini.

JARIBIO LISEMALO NDIYO DAIMA

Tuseme ipo programu ndogo inayopita kaya tano za kijiji kimoja cha delta na kujumlisha watoto. Mstari wa 14 ndio unaoongeza watoto wa kaya moja katika jumla. Watoto wa kaya hizo, kwa mfuatano, ni 3, 1, 5, 2 na 2.

Mtumiaji wa dibaga anaweza kusema: weka kituo mstari wa 14, lakini ruka mara tatu za kwanza. Kwa haki, programu inapaswa kusimama mara ya nne, yaani penye kaya ya 4. Lakini dibaga yetu ya mfano ina mdudu: mtumiaji akitaja idadi ya kuruka, huruka mara moja zaidi. Badala ya kusimama penye kaya ya 4 husimama penye kaya ya 5. Mtu ameandika kiraka cha kuondoa kosa hilo, naye ameleta jaribio. Na tulihakiki.

Jaribio la kwanza huweka kituo, huiendesha programu, kisha hutazama kama dibaga imejibu: nimesimama mstari wa 14. Dibaga inajibu hivyo na jaribio limefaulu. Lakini dibaga mbovu nayo ingejibu vivyo hivyo, kwani nayo husimama mstari wa 14, ila kwa kuchelewa. Jaribio hili ni mshale uliokwama.

Mwandishi anakubali na kuleta la pili. Safari hii anauliza nambari ya kaya, kisha anatafuta tarakimu 4 katika maandishi yote yaliyotolewa na dibaga. Linafaulu tena. Ole wake! Katika maandishi hayo mna maneno mstari wa 14, na ndani ya 14 mna 4. Jaribio limeipata tarakimu lililoitafuta, lakini limeiokota pasipo mahali pake.

Analeta la tatu. Anauliza idadi ya watoto katika kaya iliyosimamiwa, naye anatarajia jibu liwe 2 kamili. Linafaulu. Lakini turudi kwenye orodha: kaya ya 4 ina watoto 2, na kaya ya 5 ina watoto 2. Dibaga nzima na dibaga mbovu zinatoa jibu moja.

La nne ndilo lenye kufaa. Mwandishi anabadili orodha iwe 3, 1, 5, 2 na 7, ili pasiwe na kaya mbili zinazofanana. Anatarajia nambari ya kaya iwe 4 kamili, na watoto wawe 2 kamili. Kiraka kikiondolewa, dibaga inajibu kaya ya 5, watoto 7, na jaribio linashindwa. Kiraka kikirudishwa, linafaulu. Sasa tunaye shahidi.

Tuone kilichotokea. Majaribio yote manne yalifaulu, na orodha ya matokeo ingeyaonyesha yote kwa neno lilelile. Tofauti yao haionekani mpaka mtu awaze juu ya dibaga mbovu, na kuuliza kila jaribio lingesema nini mbele yake.

MPAKANI

Hata jaribio la nne halitoshi, kwa kuwa limepima katikati tu. Makosa ya kuhesabu hupenda kujificha mipakani: penye sifuri, penye moja, penye wa mwisho, na penye mmoja kupita wa mwisho. Mhakiki atauliza: je, mtu akisema ruka mara 0? Programu isimame penye kaya ya 1. Akisema ruka mara 4? Isimame penye ya 5. Akisema ruka mara 5? Isisimame kabisa, bali imalize kazi na kutoa jumla, ambayo ni 18.

Swali la sifuri si la mzaha. Tuseme kiraka kinaondoa kosa kwa kupunguza 1 katika idadi ya kuruka. Katikati kila kitu kitakuwa sawa. Lakini 0 ukitoa 1 hupata hasi 1, na aina nyingi za nambari ndani ya kompyuta hazina nafasi ya hasi. Katika nambari ya biti 32 isiyo na hasi, 0 ukitoa 1 huwa 4,294,967,295. Dibaga ingeruka mara bilioni nne na zaidi, nayo isingesimama kamwe. Kiraka kimeziba tundu moja na kutoboa jingine, na jaribio la katikati lisingeligundua.

KIMOJA KIMOJA: FUNZO LA DELTA

Lipo jambo jingine ambalo mhakiki huliangalia, nalo lina mfano uliotokea katika delta ya Rufiji yenyewe, zaidi ya karne moja iliyopita.

Baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja mnamo Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya mikono ya Rufiji. Waingereza walileta meli mbili zisizohitaji kina kirefu cha maji, Severn na Mersey, pamoja na ndege zilizokuwa na kituo chao Mafia. Mikoko ilizuia macho, kwa hiyo wapiga mizinga hawakuweza kumwona adui. Ndege iliruka juu, ikatazama kila kombora linapoangukia, ikawaarifu kwa simu ya upepo: mmepita mbali, au hamjafika, au elekezeni kushoto.

Tarehe 6 Julai 1915 meli zote mbili zilipiga kwa pamoja. Mwangalizi aliona makombora yakianguka, lakini hakuweza kujua lipi ni la Severn na lipi ni la Mersey, na hivyo masahihisho yake yalichanganyikana. Siku hiyo walirudi bila ya kuimaliza kazi. Tarehe 11 Julai walirudi na utaratibu mwingine, wa meli kupiga kwa zamu, ili kila kombora lijulikane mwenyewe. Ndege ilipigwa na kuanguka mtoni, lakini mwangalizi aliendelea kutuma masahihisho mpaka dakika za mwisho. Siku hiyo Königsberg iliangamizwa.

Kilichobadilika kati ya siku hizo mbili ni uwezo wa kujua sababu ya kila tokeo. Jaribio la programu liko vivyo hivyo. Mtu akibadili mambo mawili kwa mara moja, kisha jaribio likashindwa, hatajua alaumu lipi. Na likifaulu, hatajua lipi lililosaidia. Mhakiki mwema humrudisha mwandishi kwa adabu: tenganisha viraka hivi viwili, na kila kimoja kiwe na jaribio lake.

MASWALI YA MHAKIKI

Tukiyakusanya tuliyojifunza, mhakiki wa majaribio ya dibaga huuliza yafuatayo.

1. Je, jaribio hili lilishindwa kabla ya kiraka? Hili ndilo swali la kwanza, na pasipo jibu lake mengine hayana maana.

2. Je, jibu linalotarajiwa limebainishwa kwa ukamilifu, au kipande chochote cha maandishi chaweza kulitosheleza?

3. Je, takwimu za mfano zinatofautiana kiasi cha kutosha kuonyesha kosa?

4. Je, mipaka imejaribiwa?

5. Je, linapima jambo moja tu?

6. Je, linategemea bahati? Liko jaribio lisubirilo sekunde moja na kudhani kuwa programu imekwisha kufika. Katika mashine yenye kasi hufaulu, na katika mashine kuukuu hushindwa, ingawa dibaga haina kosa. Jaribio lipigalo kelele za uongo huzoeleka, na siku likipiga kelele ya kweli hakuna ageukaye.

7. Je, kweli liliendeshwa? DejaGnu ina maneno tofauti kwa jaribio lililofaulu na kwa lile ambalo halikufanyika. Mtu asomaye tu kwamba hakuna lililoshindwa, aweza kushangilia siku ambayo hakuna lililoendeshwa.

Mwaka 1978, wataalamu watatu wa Marekani, DeMillo, Lipton na Sayward, waliligeuza swali la kwanza kuwa njia kamili ya kazi. Walishauri kwamba programu iharibiwe kwa makusudi, kidogo kidogo: penye kujumlisha iwekwe kutoa, penye kubwa kuliko iwekwe kubwa kuliko au sawa na. Kila uharibifu ukifanywa, majaribio yaendeshwe. Majaribio yanayoukamata uharibifu ni mazima. Yakiupitisha, yana tundu. Ni kazi ya ofisa wa vipimo anayeipotosha mizani kwa hiari yake ili aone kama mawe yake yataugundua upotofu huo.

Hata hivyo, tusijidanganye. Edsger Dijkstra wa Uholanzi alikwisha kutahadharisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwa kosa lipo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa hakuna kosa. Mhakiki hatoi hati ya ukamilifu. Anachoweza kusema ni kwamba mashahidi waliopo ni wa kweli.

KUMBUKUMBU YA MWANDISHI

Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari ng'ambo, niliwahi kupeleka kiraka kwa watunzaji wa programu moja. Nilikuwa nimeandika majaribio 12, yote yamefaulu, nami nilijiona bingwa. Siku ya tatu nilipokea jibu la mstari mmoja kutoka kwa mtu ambaye sijaonana naye mpaka leo. Aliuliza kama nilikuwa nimekiondoa kiraka changu na kuyaendesha majaribio tena.

Sikuwa nimefanya hivyo. Nilipokiondoa, majaribio 11 kati ya 12 yalifaulu vilevile. Kazi ya majuma mawili ilikuwa imeshuhudiwa na shahidi mmoja, na wale wengine 11 hawakuwa wameona kitu. Nilisikia aibu, lakini yule bwana hakunidharau. Aliniuliza swali tu, akaniacha nilijibu mwenyewe. Tangu siku hiyo sijafundisha darasa la programu bila ya kulirudia swali lake.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu hahitaji kompyuta ili kulifundisha somo hili. Daftari, chaki na wanafunzi wanne vinatosha. Mwanafunzi wa kwanza awe programu: asome kwa sauti orodha ya kaya tano, moja baada ya nyingine. Wa pili awe dibaga: amsimamishe wa kwanza baada ya kuruka idadi aliyoambiwa. Mwalimu amnong'oneze dibaga, kwa siri, ama afanye kazi sawasawa ama aruke mara moja zaidi. Wa tatu awe jaribio: aulize swali moja tu na kutamka limefaulu au limeshindwa. Wa nne awe mhakiki: bila ya kujua siri ya mwalimu, aeleze kama swali la wa tatu lingeweza kumfichua dibaga mbovu.

Wanafunzi wajaribu kwanza kwa orodha ya 2, 2, 2, 2, 2. Watashangaa kuona jinsi ilivyo vigumu kumkamata dibaga kwa kuuliza idadi ya watoto. Kisha watunge wenyewe orodha iliyo bora, nao waeleze kwa nini ni bora. Mwisho, waulizwe: katika somo la fizikia au kemia, ni jaribio gani tulilolifanya mwaka huu ambalo lisingeweza kushindwa? Swali hilo la mwisho litamsumbua mwalimu pia, na ni vema limsumbue.

Vijana wa Kibiti na Rufiji wanakua katika nchi ambayo orodha za wagonjwa, mauzo ya korosho na matokeo ya mitihani yao wenyewe hupitia katika programu. Wachache kati yao wataziandika programu hizo, na wengi watahesabiwa nazo. Wote wana haki ya kuuliza jinsi kipimo kilivyopimwa. Naye kijana atakayeshika kazi ya uhakiki, siku atakapoletewa orodha ndefu ya majaribio yaliyofaulu, asianze kwa kupongeza. Na akiondoe kiraka kwanza, ayaendeshe majaribio upya, ayasikilize ni yapi yatakayolia. Kisha na ajaribu mpakani.